Vijiti Vitatu Kwenye Ndoo ya Rangi

Cha tisa kilikufa siku ya Jumatatu. Salha alikiona aliporudi kutoka kazini, hata kabla hajavua baibui. Jani lake la juu lilikuwa limelegea, na alipokishika kwa vidole viwili kijiti kilitoka kwenye udongo bila ubishi wowote, kama kijiko kinavyotoka kwenye uji. Chini kilikuwa cheusi na laini, na kilinuka tope.

Alikiweka kando ya vingine vinane vilivyotangulia, juu ya ukuta mfupi wa roshani. Hakujua kwa nini alikuwa akivihifadhi. Pengine hata kuvitupa kulitaka nguvu, na nguvu zake za siku ile zilikwisha mapema asubuhi, pale walimu walipomwita ofisini afute chai iliyomwagika huku wao wameinua miguu na kuendelea na mazungumzo yao.

Vilibaki vitatu. Vilikuwa vimechomekwa kwenye ndoo nyeupe ya plastiki iliyowahi kuwa na rangi ya ukuta, katika roshani ya ghorofa ya pili, mjini Sabya, mahali ambapo jua la asubuhi hufika na la mchana halifiki. Kila kimoja kilikuwa na majani mawili au matatu. Salha aliinama akavitazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa aliyelala ili aone kama kifua kinapanda na kushuka.

"Mahdia!" mama yake aliita kutoka chumbani. "Mahdia, wamekuja kuchukua maua?"

"Bado, Mama," Salha alijibu. Mahdia alikuwa dada yake mama, na alifariki zamani, lakini Salha aliacha kusahihisha tangu mwaka uliopita. Kusahihisha nako kulichosha.

Bi Ghalia, mama yake, alikuwa mwanamke aliyejulikana bondeni kote kwa asumini yake. Alipoolewa akiwa na miaka kumi na sita alikuja nyumbani kwa mumewe na tawi moja kutoka uani kwa mama yake, limefungwa kwenye kitambaa kibichi na kuwekwa ndani ya sanduku la nguo. Tawi lile likashika, likapanda juu ya ua wa makuti, likalala juu ya paa la kibanda cha jiko, na mwishowe likawa kama nyumba nyingine uani. Maua yake yalikuwa na tabaka nyingi, na matumba yalikuwa mazito kiasi kwamba taji la bibi harusi lililotungwa kutoka mti ule lilimfanya mwali ainamishe kichwa hata kama hana haya. Alasiri, kabla matumba hayajafunguka, wanawake walikuja na sinia zao. Bi Ghalia alichuma, binti zake wakachuma, akatunga yeye. Hakuna bibi harusi wa kijiji kile aliyevalishwa asumini ya sokoni.

Sasa ua ule haukuwepo. Baba alikufa, mama akaanguka jikoni akavunjika nyonga, ndugu wakakubaliana, ardhi ikauzwa. Mnunuzi alitaka kujenga ghala. Salha alipata habari siku moja kabla ya tingatinga kufika, na kwa vile ilikuwa siku ya kazi alikwenda alasiri kwa gari la mwalimu mmoja mwenye huruma, akiwa na kisu cha jikoni na mfuko wa plastiki. Alikata vipandikizi kumi na viwili. Angekata zaidi, lakini mwalimu alikuwa amewasha gari na mtoto wake analia ndani. Kesho yake mti ulikuwa umeng'olewa na kusukumwa bondeni pamoja na matofali ya jiko.

Wiki tano zilikuwa zimepita tangu siku ile.

Jioni ya Jumatatu hiyo kaka yake Hadi alipiga simu kutoka Jedda, kama alivyofanya kila wiki.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Ananiita Mahdia."

"Na wewe?"

"Mimi nipo." Salha alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, sahani ya marsa mapajani. Alikuwa anaponda ndizi kwenye unga wa moto na samli, kwa sababu meno ya mama hayakuweza tena kitu kigumu. "Kimekufa kingine leo."

"Nini kimekufa?"

"Kijiti. Vimebaki vitatu."

Hadi alicheka, si kwa ubaya. "Dada, bado unahangaika na vile vijiti? Huko kwenu wanauza miche ya asumini barabarani kama mchicha. Nitamwambia mtu akuletee kumi, ujaze roshani."

"Si ya Mama."

"Mama mwenyewe hajui leo ni siku gani. Atajua asumini ya nani?"

"Anajua. Nilimnunulia taji sokoni wakati wa Idi. Akalinusa, akaliweka pembeni. Akasema, hii ya watu."

"Haya. Siku hizi umekuwa mtu wa kununa, Salha."

"Sijanuna. Nimechoka."

"Sasa mimi nifanye nini, nikiwa huku?"

Neno lilimfika Salha mdomoni. Njoo ukae wiki mbili tu, nilale. Lakini Hadi alikuwa ameshaanza kusema mtandao unasumbua, hasikii vizuri, watazungumza Jumatatu ijayo, na amsalimie mama.

Salha alikuwa na miaka arobaini na tisa. Aliolewa mara moja, akaachwa bila mtoto, na tangu hapo alikuwa mhudumu katika shule ya wasichana. Alifungua lango, alifagia madarasa, alipeleka madaftari kutoka chumba hiki hadi kile, na alijua ni mwalimu gani anakunywa kahawa ya maganda na tangawizi na nani hataki tangawizi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Walimu walimwita "mama mpole," na mara nyingine walimsahau ndani ya chumba wakasema siri zao mbele yake. Alipanda ngazi za nyumba yake kwa kupumzika kwenye kituo cha kwanza, mkono juu ya goti. Asubuhi alimwacha mama yake amekwisha kula, jiko limefungwa gesi, na ufunguo wa akiba kwa jirani wa chini, Mama Jibrani, ambaye alipanda mara mbili kabla ya adhuhuri kumchungulia mgonjwa.

Huyu Mama Jibrani ndiye aliyemkosesha Salha amani juu ya ndoo. Mwanzoni Salha aliitoboa chini kwa msumari wa moto, matundu sita, kama inavyotakiwa. Wiki ile ile jirani alisimama ngazini na kupaza sauti hadi ghorofa ya juu kabisa ikasikia: nguo zake zinadondokewa, hawezi kuanika, watu wengine wanajiona wanaishi jangwani peke yao. Salha alirudi ndani, akaziba matundu yote kwa mpira wa gundi wa mafundi bomba, akaweka na sinia chini. Kelele zikaisha.

Alhamisi ya wiki hiyo vumbi lilikuja. Tangu alfajiri upepo ulikuwa mwekundu, na kabla ya saa tano wasichana walikuwa wanakohoa madarasani. Mkuu wa shule akaamuru wazazi waitwe, shule ifungwe. Salha alifika nyumbani saa mbili kabla ya wakati wake. Alifungua mlango polepole asimshtue mama.

Mama hakuwa chumbani. Alikuwa kwenye korido karibu na bafu, ameketi juu ya kigoda chake, beseni mbele, birika mkononi. Anatawadha. Aliosha mikono, akasukutua, akaosha uso, akapanda hadi viwiko, taratibu, bila kukosea hata kipengele kimoja. Jina la binti yake lilimpotea, lakini udhu alikuwa nao wote. Salha alisimama nyuma ya mlango akimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile kitu ndani yake kililegea.

Kisha Bi Ghalia aliinuka kwa kushika ukuta, akabeba beseni, akalipeleka roshani hatua kwa hatua, na akalimwaga kwenye ndoo ya vijiti.

Ndivyo ilivyokuwa kwao tangu zamani. Maji ya udhu hayamwagwi bafuni, hupewa asumini. Salha mwenyewe alikuwa amefanya hivyo tangu utoto wake. Lakini kule kijijini mti ulikuwa mkubwa na ardhi ilikuwa na kiu.

Mama alirudi, akakaa, akatulia. Akatazama mikono yake mibichi kana kwamba anashangaa nani ameilowesha. Akanyoosha mkono akajaza birika.

Akatawadha tena. Akapeleka beseni roshani tena.

Salha hakusogea. Kwa muda wa nusu saa alihesabu mara tatu. Juu ya hizo kulikuwa na maji ambayo yeye mwenyewe alitia kila alasiri baada ya sala, akidhani vijiti vinakufa kwa joto. Aliivamia roshani, akaingiza kidole kwenye ndoo, na kidole kikazama kwenye tope hadi kwenye fundo. Maji yalitanda juu kama kwenye bakuli.

"Mama!" Sauti iliyomtoka hakuijua. "Mama, unafanya nini? Wewe ndiye unayeviua! Wiki tano nalala nikiwaza, kumbe wewe! Nimekwambia mara ngapi usiguse? Usiguse hii ndoo. Usiguse maji, umesikia? Usiguse kabisa!"

Alikuwa hajamwambia hata mara moja. Alilijua hilo hata wakati anapiga kelele.

Bi Ghalia aliliweka birika chini kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Alijitandia mtandio wake vizuri, akasema kwa adabu aliyokuwa akiwapa watu wa mbali:

"Niwie radhi, mwenye nyumba. Sikujua maji ni ya kupima."

Akaingia chumbani kwake, akaketi ukingoni mwa kitanda kama mgeni anayengoja gari.

Salha alidhani itapita. Mambo yote yalipita kwa mama yake siku hizi. Alisahau chakula kabla hajameza. Lakini hili, kwa namna asiyoielewa, halikupita. Jioni alipompelekea birika, Bi Ghalia alitikisa kichwa. "La, binti. Maji ya watu." Salha akasema, "Mama, ni maji yako, ni nyumba yako." Mama akamtazama kwa huruma, kama anayemwona mtumishi aliyejiingiza kwenye matata na bosi wake, akasema, "Usije ukagombezwa kwa ajili yangu."

Ijumaa adhuhuri Salha alipita mlangoni na tambara la kufutia vumbi. Vumbi lilikuwa limelala kila mahali, jembamba na jekundu, hata ndani ya masanduku. Mama alikuwa amesimama dirishani. Alipiga viganja viwili juu ya kizingiti chenye vumbi, akavipuliza, akajipaka uso. Akapiga tena, akapaka mikono. Kisha akaelekea kibla.

Alikuwa anatayamamu. Kama msafiri aliyekosa maji jangwani, nyumbani kwa binti yake, hatua sita kutoka kwenye bomba.

Salha alirudi jikoni akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji. Hakulia, kulia kungemwacha na kichwa kizito, na bado alikuwa na chungu cha kusugua na shuka za mama za kufua. Alikaa tu. Vile vijiti vitatu alivitaka kuliko kitu chochote alichokuwa amekitaka kwa miaka mingi, na hakuwa na haja ya kujiuliza kwa nini. Vikifa, ile asumini iliyokuja ndani ya sanduku la nguo imekwisha duniani, na imekufa mikononi mwake. Lakini mama yake alikuwa anajipaka vumbi usoni. Salha hakuona la kupima hapo.

Aliinuka, akaenda roshani, akaiinamisha ndoo upande, akaanza kubandua ule mpira wa gundi kwa kisu. Tope likaanza kuchuruzika kwenye sinia. Ndipo akakumbuka nguo za watu chini, na akaona kwamba safari hii itabidi ashuke aseme. Hilo lilimtisha kuliko kazi ya wiki nzima.

Mama Jibrani alikuwa anachoma mikate ya mtama, uso mwekundu kwa joto la tanuri, mikono mipana kama ya mpiga kasia.

"Ingia, ingia. Vua viatu, nimefagia. Salha! Una uso wa mfiwa. Amefariki?"

"Nani?"

"Bi Ghalia, nani mwingine?"

"Hapana! Mzima."

"Alhamdulillahi. Basi kaa ule. Uligombana naye jana, nilisikia. Jengo zima lilisikia. Mume wangu akasema, kumbe yule ana sauti!"

Salha alikaa. Mkate wa moto ukawekwa mkononi mwake kabla hajasema anataka. "Mama Jibrani, nimekuja kukuomba jambo. Ile ndoo yangu. Nataka kuifungua matundu."

"Ili uninyeshee."

"Itadondosha kidogo."

"Salha." Jirani alifuta mikono kwenye kanga ya jikoni na kukaa mbele yake. "Hapa nina wanaume watano. Ijumaa ni kanzu tano nyeupe. Wewe unaniletea maji ya chooni kwenye kanzu za kuendea msikitini, halafu unaniomba kwa upole?"

"Maji ya chooni?"

"Sasa ya nini? Yanatoka juu, ya matope, yananuka. Wiki nzima ile nilizifua kanzu mara saba saba kama zimelambwa na mbwa. Vidole vilinichubuka!"

"Ni maji ya udhu," Salha alisema. "Mama anatawadha, anaimwagia asumini."

Mama Jibrani alibaki mdomo wazi. Kwenye tanuri mkate mmoja ulianza kutoa moshi na hakuugeukia.

"Udhu?"

"Anasahau kama ameshatawadha. Anarudia. Pengine mara nane, kumi kwa siku."

"Kwa hiyo maji ya udhu ya bibi mcha Mungu yananidondokea kama mvua, na mimi nayafua kama najisi?" Akajipiga paja, akaanza kucheka, kicheko kikamtoa machozi. "Na hukuniambia kitu!"

"Hukuuliza. Ulipiga kelele ngazini."

"Mimi ndivyo nilivyo, mdomo wangu hauna mfuniko! Ulitakiwa na wewe upige."

"Sikuwa na nguvu," Salha alisema.

Alilisema kama mtu anavyosema hana chumvi nyumbani. Mama Jibrani aliacha kucheka. Aliugeuza mkate ulioungua, akautoa, akaukata upande mbaya.

"Niambie vizuri. Asumini gani?"

Salha akamwambia yote: ua, tingatinga, vijiti tisa vyeusi, mama na vumbi la dirishani. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja tangu alipoachika.

"Na umevipanda kwenye nini?"

"Udongo. Nilichota kwenye bustani ya shule."

"Udongo mweusi ule? Ule ni wa kufinyangia vyungu, mwanamke! Kijiti cha asumini kinaanzishwa kwenye mchanga wa bondeni, ule mnene, wenye vijiwe. Mchanga umwagie hata mto, maji yanapita, kijiti kinabaki kibichi bila kulala majini. Wewe binti wa Ghalia hujui hilo?"

"Alipanda mwenyewe. Sisi alituita kuchuma tu."

"Wazazi wetu!" Mama Jibrani alisimama. "Kanzu nitahamishia upande wa jikoni. Baba Jibrani kesho anapita bondeni na gari, atajaza gunia. Na mti ukishika, kijiti cha kwanza changu. Nisisikie unaninyima."

Gunia lilikuja Jumamosi asubuhi. Salha alimwaga tope lote, akaosha ndoo, akaongeza matundu hadi kumi na mawili, akaweka kokoto chini na mchanga juu. Alipovitoa vijiti, kimoja kilikuwa kimeshaanza weusi. Alikikata juu ya weusi ule, kikabaki kifupi kama kidole, akakichomeka hivyo hivyo. Viwili vilikuwa vimevimba kidogo chini, vyeupe. Hakujua kama hiyo ni dalili njema au mbaya, na hakukuwa na wa kumuuliza isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa chumbani amekaa kama mgeni.

Aliileta ndoo ndani, akaiweka kwenye korido juu ya sinia, mahali mama angeweza kuiona kutoka kitandani. Akaweka kigoda. Akajaza birika. Kisha akakaa yeye mwenyewe akatawadha, bila kusema neno, na alipomaliza akachukua beseni akalimwaga lote kwa pamoja. Mchanga ukarukia ukutani, na kijiti kimoja kikalala ubavu.

"Astaghfirullah," sauti ilisema kutoka chumbani.

Salha alikiinua kijiti, hakugeuka.

"Unamwaga kama unazima moto." Bi Ghalia alikuwa mlangoni, mkono ukutani. "Hayo maji yanapitia pembeni, pembeni ya chombo, yashuke polepole. Nani amekulea wewe?"

"Sikufundishwa, Mama."

"Inaonekana. Ondoka hapo." Alisogea, akashikilia bega la Salha kwa uzito wake wote, akajishusha kwenye kigoda. Alilitazama birika. Kisha akamtazama Salha, na mashaka ya siku tatu yakampitia usoni. "Mwenye nyumba hayupo?"

"Ametoka," Salha alisema. "Amesema maji ni yako. Yamwage upendavyo."

"Ni mtu mzuri basi," alisema Bi Ghalia, akapandisha mikono ya gauni.

Baada ya hapo siku zilifuatana bila sura. Salha aliacha kumwagilia. Hakukuwa na haja. Maji yaliingia juu na kutoka chini mara nane, mara kumi kwa siku, na chini jirani alipiga kelele siku moja moja, kwa mazoea, "Bi Ghalia ameswali tena leo!" Kijiti kile kifupi kilikufa wiki ya kwanza, na Salha hakushangaa. Wiki ya pili kingine kilidondosha majani yote, kikabaki kijiti kikavu, cha kahawia. Kikabaki kimoja.

Hicho hakikufa na hakikuwa hai. Asubuhi kabla ya kazi alikitazama. Mchana aliporudi alikitazama. Shuleni mitihani ilianza, akawa anasimama kwa miguu muda wa saa sita bila kukaa, na goti likavimba hadi akafunga kitambaa. Mama akaanza kuamka saa tisa alfajiri akitaka kwenda nyumbani, na ikawa Salha humtembeza korido mara tano, mara sita, hadi achoke na kukubali kwamba amefika. Kaka yake Hadi alipiga simu. Safari hii Salha alimwambia aje wakati wa likizo akae wiki mbili. Akasema ataangalia. Salha akasema, "Usiangalie. Njoo," na akakata simu kwanza, jambo ambalo lilimpa kijasho.

Wiki ya saba tangu mchanga, siku ya Jumanne, alirudi saa nane, akapanda ngazi kwa kupumzika mara mbili badala ya moja. Ndoo ilikuwa imerudishwa roshani. Kwenye kikonyo, mahali jani la zamani lilipokuwa limedondoka, palikuwa na kitu kidogo cha kijani, kimekunjamana, si kikubwa kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Kando yake kulikuwa na kingine.

Hakuamini majani. Majani hudanganya; viwili kati ya vile tisa vilichipua kidogo kabla havijaoza. Alipiga magoti, goti bovu likalia, akakishika kijiti chini kabisa kwa vidole viwili, akavuta. Kidogo tu.

Kilishikilia.

Akavuta tena, kidogo zaidi. Kule chini ndani ya mchanga kitu kilivuta upande wake. Salha alibaki amekishika, hakuvuta wala hakuachia. Hakuwa na mtu wa kumwita, wala hakuwa na pumzi ya kuita. Alihisi tu jinsi mabega yake yalivyokuwa yamepanda hadi karibu na masikio, pengine tangu siku ile ya tingatinga, na sasa yalikuwa yanashuka yenyewe.

"Wewe binti! Acha!"

Bi Ghalia alikuwa nyuma yake na beseni mikononi, mikono yake inadondosha maji.

"Ukimvuta vuta hivyo utamkata. Ana nyuzi nyembamba kama nywele. Hata kama umeona jani, huvuti. Unangoja majani sita. Wangapi wameua asumini kwa haraka ya kujua!" Alimwaga maji pembeni mwa ndoo, taratibu, yakashuka. Kisha akamwinamia Salha na kumchunguza uso kwa makini, kama anayesoma maandishi madogo. "Mtoto wa nani wewe? Mbona macho yamekuingia hivyo?"

"Natoka kazini, Mama."

"Wanakufanyisha kazi sana. Nenda kalale. Huyu nitamwangalia mimi."

"Sijapika."

"Kalale, nimesema. Watakula mikate."

Salha aliinuka kwa kushika ukuta. Alivua baibui, hakulitundika. Chungu cha jana kilikuwa kwenye sinki, na shuka zilikuwa kwenye ndoo ya kufulia, na alasiri ilikuwa inakaribia. Alijilaza juu ya godoro lake upande mmoja na kitambaa cha goti bado kimefungwa.

Kwenye korido birika lilianza kujaa tena. Alisikia maji yakipanda kwenye shingo ya birika, alisikia kigoda kikilia, mama akisukutua. Kwa miezi mitatu sauti ile ingemwamsha kutoka kwenye usingizi wowote. Alingoja mwili wake usimame. Haukusimama. Beseni liliburuzwa kuelekea roshani, maji yakamwagwa, nyayo zikarudi, na birika likaanza kujaa kwa mara nyingine, lakini hilo Salha hakulisikia.